Waya juu, koroboi chini: safari ya stima Bungoma na Kitale

Mwaka 1958 laini ya umeme ya kilovolti 132 ilianza kazi kutoka Tororo, Uganda, hadi Nairobi. Ilibeba umeme wa bwawa la Owen Falls mjini Jinja, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth wa Uingereza mwezi Aprili 1954. Kufika Nairobi kulihitaji kuikatiza Bungoma. Nyaya zikapita juu ya mahindi na migomba, zikaelekea mji wa Lessos, na vijiji vilivyokuwa chini yake vikabaki na koroboi zao.

Sababu haikuwa fumbo. Umeme wa msongo huo hauingii nyumbani moja kwa moja. Sharti ushushwe kwenye kituo kikubwa, usambazwe kwa nyaya za kilovolti 33 au 11, kisha transfoma iupunguze hadi volti 240. Kila hatua ina gharama, na kampuni ya East African Power and Lighting, iliyoundwa mwaka 1922, ilikuwa ya kibiashara. Ilitandaza nyaya pale ilipoona wateja wa kulipa. Hata Kitale, mji wa walowezi huko Trans Nzoia uliofikiwa na reli mwaka 1926, ulipimwa kwa mizani hiyo hiyo. Mwenye shamba dogo Kimilili au Sirisia, huko Bungoma, hakuwamo kwenye hesabu kabisa.

Serikali iliingiza mkono mwaka 1973 kwa kuanzisha mpango wa umeme vijijini. Hazina na wafadhili wangetoa fedha, kampuni ingejenga na kuendesha. Miaka hiyo hiyo viwanda vikubwa viliinuka Bungoma: cha karatasi cha Webuye katikati ya miaka ya 1970, kisha cha sukari cha Nzoia mwaka 1978. Viwanda vikapata nguvu ya kuzungusha mitambo, lakini kwa mkulima aliyevipelekea miwa na magogo mambo hayakubadilika. Sheria ya umeme ya 1997 iliruhusu tozo ya asilimia 5 kwenye bili kwa ajili ya vijiji. Hadi leo unaiona kwenye risiti ya tokeni, imeandikwa REP, yaani mpango ule wa umeme vijijini. Hata hivyo, waraka wa sera ya nishati wa 2004 ulikiri kwamba wakazi wa vijijini wenye umeme walikuwa kama asilimia 4 tu.

Sheria ya Nishati ya 2006 ilizaa mamlaka maalumu ya umeme vijijini, ambayo tangu 2019 inaitwa REREC. Ilianza na shule za sekondari, vituo vya afya na masoko. Ulikuwa uamuzi wenye akili, maana transfoma moja ya sokoni huhudumia watu wengi. Lakini aliyeishi mita mia mbili kutoka sokoni aliambiwa alete Sh35,000 kwanza, na bado alikuwa na fundi wa kutandaza nyaya ndani ya nyumba wa kumlipa.

Watafiti Kenneth Lee, Edward Miguel na Catherine Wolfram waliyapima haya katika jamii 150 za Siaya na za Busia, jirani ya Bungoma. Mahali ambapo transfoma zilikuwa zimesimama kwa miaka kadhaa, ni asilimia 5 tu ya kaya za vijijini zilizokuwa zimeunganishwa. Nusu ya wale wasiokuwa na stima walikadiriwa kuishi ndani ya mita 200 kutoka kwa waya.

Mwaka 2015 serikali ilizindua mradi wa Last Mile, kwa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika, Benki ya Dunia na wengineo. Aliye ndani ya mita 600 kutoka kwa transfoma angelipa Sh15,000, tena kidogo kidogo. Matokeo yanaonekana katika sensa: mwaka 2009 chini ya robo ya kaya za Kenya ziliwasha taa za umeme, mwaka 2019 zilifika asilimia 50.4. Kitale nayo ikapata laini yake ya kilovolti 132 kutoka Eldoret.

Ila watafiti wale wale waligundua jambo la pili. Kwa Sh15,000, ni takriban robo tu ya waliopewa nafasi walioichukua. Stima ilipotolewa bure, karibu wote waliikubali. Na hata hao, baada ya zaidi ya mwaka mmoja, walitumia uniti chache mno, na maisha yao hayakuwa yamebadilika sana. Balbu na simu havimtajirishi mtu. Kinachomwinua ni kinu cha kusaga unga, mashine ya kupoza maziwa, pampu ya maji, cherehani ya umeme. Ruzuku ya miaka yote imenunua nguzo, waya na mita, ikaishia mlangoni.

Katiba ya 2010 imezipa kaunti jukumu la usambazaji wa umeme, na Sheria ya Nishati ya 2019 inazitaka ziwe na mipango yao ya nishati. Kwa hiyo, msomaji wa Bungoma au Trans Nzoia, kikao cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti kikiitishwa, hudhuria. Usiulize ni transfoma ngapi zitaletwa. Uliza ni vinu vingapi vitazunguka, na ni nyumba ngapi zitakuwa bado zinanunua tokeni mwaka mmoja baada ya mafundi kuondoka.