Lango la Mji wa Makimbilio

Hapa Katubuka ni vigumu kupata ukoo usio na habari za safari. Wamanyema wa Ujiji walivuka ziwa kutoka Kongo. Warundi walikimbilia kwetu mwaka 1972 na tena 1993. Wakongo wakaja 1996, ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu. Mwaka 2015 meli ya Liemba ilibeba Warundi kutoka Kagunga hadi bandari yetu. Walutheri nao walishiriki: TCRS, iliyoanzishwa 1964 chini ya Shirikisho la Walutheri Duniani, ilihudumia wakimbizi katika makazi ya Katumba, Ulyankulu na Mishamo.

Tuliwapokea bandarini. Lakini yuko mama aliyekimbia vita akakuta vita nyingine nyumbani: kipigo cha mume. Je, sheria inamlinda naye?

Inamlinda. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inaruhusu. Imesema mtu, haikusema raia. Mgeni naye anaweza kwenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, akapewa fomu ya PF3, akatibiwa, na kesi ikafunguliwa.

Mbona basi wengi hawaendi? Wanaogopa habari ya vibali. Kwa Sheria ya Wakimbizi ya 1998, mkimbizi akitoka kambini bila kibali ametenda kosa. Mama anayemkimbia mume usiku aweza kuonekana yeye ndiye mkosaji. Naye mgeni aliyeolewa na Mtanzania, Sheria ya Uraia ya 1995 inamruhusu kuomba uraia kama mke wa raia. Karatasi zake zinategemea ndoa ileile inayomuumiza. Mume mkatili analijua hilo, naye humtishia kumpeleka Uhamiaji.

Wapendwa, Hesabu 35 inaeleza kwamba miji ya makimbilio ilikuwa ya Mwisraeli na ya mgeni pia. Yoshua 20 inaonyesha utaratibu: aliyekimbia alisimama langoni, wazee wakasikia neno lake, wakampa mahali pa kukaa, hukumu ilifuata baadaye. Huyo alikuwa ameua mtu bila kukusudia. Ikiwa yeye alipata hifadhi, si zaidi sana mama asiyemdhuru mtu?

Wazee wa kanisa, lango hilo leo ni mlango wetu. Mama akibisha hodi, tusianze na kibali chake, wala tusimrudishe kwa neno "vumilia". Tumsikilize, tumpe mahali salama pa kulala, kisha wawili wetu wamsindikize hadi Dawati. Asiye na fedha za wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imeweka njia ya kumsaidia bila malipo.

Sheria imekwisha kuandikwa. Anachokosa mama huyu mara nyingi ni mtu wa kufuatana naye.