Nadharia ya Nyuzi: Kasoro Iliyogeuka Fadhila

Katika mwaka wa 1968, mwanafizikia wa Kitaliani Gabriele Veneziano, akiwa Geneva katika maabara ya CERN na akitafuta hesabu ya kueleza jinsi chembe za kiini cha atomu zinavyogongana na kutawanyika kwa ile nguvu kali izishikayo, alitambua kuwa fomula ya Leonhard Euler, iliyotungwa tangu karne ya 18 pasipo kukusudiwa jambo hilo hata kidogo, iliafiki takriban kila sharti alilolitaka. Fomula ilipatikana, lakini maana yake ilikuwa ingali siri, mpaka Yoichiro Nambu, Mjapani aliyefundisha Chicago, Holger Nielsen wa Denmark na Mmarekani Leonard Susskind, kila mmoja kwa njia yake, walipobaini kwamba hesabu hiyo yaeleza nyuzi ndogo mno zitetemekazo, na kwamba kama uzi mmoja wa udi utoavyo sauti mbalimbali, ndivyo mitetemo yake izaavyo chembe za namna nyingi.

Hata hivyo nadharia hiyo ilizaliwa na ila. Ilidai ulimwengu wenye dimensheni 26, ambazo kazi ya Pierre Ramond, na ya André Neveu na John Schwarz, ya mwaka wa 1971, ilizipunguza zikawa 10. Tena ilishikilia kuwapo kwa chembe isiyo na uzito ambayo katika nguvu ya kiini hakuna aliyeiona wala kuihitaji. Mwaka wa 1973, David Gross, Frank Wilczek na David Politzer walipofungua njia ya kuieleza nguvu hiyo barabara kwa nadharia ya kwaki, yaani chembe ndogo ziziundazo zile za kiini, wanazuoni wengi waliziacha nyuzi, wala hawakustahili lawama.

Lakini mwaka wa 1974 Mfaransa Joël Scherk pamoja na Schwarz, na Tamiaki Yoneya huko Japani pasipo kushauriana nao, badala ya kuifukuza chembe ile waliichunguza nasaba yake, wakaona kuwa sifa zake ndizo za gravitoni, inayodhaniwa kuichukua nguvu ya uvutano, ambayo kanuni za kwanta zilikuwa zimeshindwa kuitia mkononi.

Wachache walisikiliza. Scherk alifariki mwaka wa 1980. Na ni mwaka wa 1984, Schwarz na Mwingereza Michael Green walipoonyesha kwamba hitilafu za hesabu zilizohofiwa kuiangamiza nadharia hubatilishana katika hali mahsusi, ndipo wanazuoni waliporejea kwa makundi. Tajriba ya kuithibitisha haijapatikana hadi leo, na wapinzani wana haki ya kuidai. Ila heshima iliyo nayo nadharia hiyo imeletewa na chembe ileile ambayo wengi waliiona kuwa hoja tosha ya kuitupa.