Kutoka Virginia hadi Kabete: Mwalimu wa Kijiji Alikuwa wa Nani?

Katika makala yetu ya historia wiki hii tunaangalia jinsi viongozi wa maendeleo ya vijijini walivyoanza kufundishwa kazi yao. Tunaanzia mahali ambapo huenda wengi wenu hamkupatarajia: Glen Allen, kitongoji kilicho karibu na mji wa Richmond, katika jimbo la Virginia hapa Marekani.

Nilifika Glen Allen Jumamosi moja ya mvua, baada ya safari ya saa mbili hivi kwa gari kutoka Washington. Pana makumbusho madogo, na katika uwanja wake amezikwa mwanamke aliyeitwa Virginia Randolph. Wazazi wake walizaliwa utumwani. Mwaka 1892 alianza kufundisha katika shule ya Mountain Road, kaunti ya Henrico, shule ya chumba kimoja iliyotengewa watoto weusi na kusahauliwa na waliokuwa na fedha.

Pamoja na kusoma na kuandika, Bi. Randolph aliwafundisha watoto kushona, kupika na kusuka vikapu. Wazazi hawakupendezwa. Walisema watoto wao wanapelekwa shule kupata elimu ya vitabu, si kurudishwa kwenye kazi za mikono ambazo babu zao walizifanya kwa kuchapwa mijeledi, na wengine walitaka mwalimu huyo aondolewe. Naye alikwenda nyumba kwa nyumba, akaitisha mikutano Jumapili, akasikiliza lawama zao na kuomba michango yao. Mwaka 1908 alipanda hapo miti kumi na miwili, mmoja kwa kila mwanafunzi wa Yesu. Wamarekani waliipa miti hiyo jina la mkuyu wa kwenye Biblia, ingawa si mkuyu wa kwetu hata kidogo.

Mwaka uliotangulia, bibi mmoja tajiri wa Philadelphia, Anna Jeanes, muumini wa madhehebu ya Marafiki, alikuwa ametoa dola milioni moja kwa ajili ya shule za watu weusi katika majimbo ya kusini. Msimamizi wa elimu wa Henrico, Jackson Davis, mzungu, akaomba sehemu ya fedha hizo amlipe mwalimu mmoja awe anazunguka katika shule nyingine na kuwasaidia walimu wenzake. Alimchagua Bi. Randolph, kwa mshahara wa dola 40 kwa mwezi. Akiwa na kigari cha kukokotwa na farasi alizitembelea shule 23, na taarifa yake ya mwaka wa kwanza ilichapishwa na kusambazwa kote kusini. Hivyo ndivyo walivyopatikana walimu wa Jeanes, ambao kazi yao ilikuwa ya kijiji kizima: visima, vyoo, bustani, afya ya watoto na vyama vya wazazi.

Na Kabete inaingiaje hapa, msikilizaji? Mwaka 1924 ilifika Afrika Mashariki tume ya elimu ya mfuko wa Phelps-Stokes wa New York. Mwenyekiti wake, Thomas Jesse Jones, aliwahi kufundisha katika chuo cha Hampton, huko huko Virginia. Rais wa mfuko wa Jeanes, James Dillard, alikuwemo, na alikuwemo pia James Aggrey, msomi kutoka Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Tume iliona kwamba dawa iliyotumika kusini mwa Marekani ingewafaa Waafrika. Mwaka 1925 Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete, nje kidogo ya Nairobi, kwa msaada wa shirika la Carnegie, na katibu wa tume, Mskochi James Dougall, akawa mkuu wake wa kwanza.

Shule hiyo ilikuwa na jambo moja jema ambalo mafunzo mengi ya viongozi yaliyofuata yalilisahau: mwanafunzi alikuja na mke na watoto. Waliishi katika nyumba zao, kama kijiji. Mume alijifunza kuongoza shule ndogo za vijijini, kilimo na afya; mke alijifunza malezi, usafi na ushonaji, kwa sababu ilifahamika kwamba kijiji hakibadiliki kwa hotuba za mwanamume mmoja.

Lakini kuna kitu hakikuvuka bahari. Ni kweli kwamba Bi. Randolph naye alikuwa chini ya msimamizi mzungu, na hatupaswi kumfanya malaika. Hata hivyo alikaa miongoni mwa wazazi waliompinga, nao walijua pa kumpata Jumapili. Mwalimu wa Jeanes wa Kenya alichaguliwa na misheni, alifundishwa katika shule ya serikali, na akarudi kijijini akiwa na maagizo. Kijiji hakikuwa kimemwita. Marekani kwenyewe, mwanazuoni W. E. B. Du Bois alikuwa akimshambulia Jones kwa kutetea elimu ambayo, kwa maoni yake, ilimwandaa mtu mweusi kubaki chini. Wazazi wa Kikuyu walitaka kile kile walichotaka wazazi wa Mountain Road: elimu ya vitabu, na Kiingereza. Mgogoro na wamisionari juu ya tohara ya wanawake ulipolipuka mwaka 1929, wengi waliondoka na kuanzisha shule zao wenyewe.

Hapo ndipo historia inapopinda kwa namna ambayo tume haikuitarajia. Mwaka 1927 kijana Mbiyu Koinange, mtoto wa Chifu Koinange, alikwenda kusoma Hampton, chuo kile kile alichofundisha Jones. Alisonga mbele hadi Chuo Kikuu cha Columbia, akarejea Kenya mwaka 1938, na mwaka uliofuata akafungua chuo cha walimu huko Githunguri. Marika yalishindana kuchangisha fedha za ujenzi. Mwalimu aliyetoka Githunguri alilipwa na watu, na watu hao walikuwa na haki ya kumuuliza. Jomo Kenyatta, aliyerudi kutoka Uingereza mwaka 1946, alikuja kukiongoza chuo hicho. Serikali ilikifunga mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa.

Kabete haikufungwa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilifundisha askari waliotoka vitani na maafisa wa maendeleo ya jamii, kisha wanawake viongozi wa vikundi vya Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanzishwa chini ya mwavuli wa serikali mwaka huo huo wa 1952. Wanawake hao walijifunza mambo ya manufaa, lakini katika miaka ya vita vya Mau Mau uanachama ulitumiwa pia kuwavuta akina mama waachane na wapiganaji. Kiongozi wa kikundi alipofika mlangoni, jirani yake alikuwa na sababu ya kujiuliza ametumwa na nani.

Mwaka 1961 mahali hapo pakawa Taasisi ya Utawala ya Kenya, na tangu mwaka 2012 ni chuo cha serikali cha kuwafundisha watumishi wa umma.

Pale Glen Allen nilimuuliza mwenyeji wangu kama amewahi kulisikia jina la Kabete. Aliniomba nimwandikie herufi zake kwenye karatasi. Msikilizaji, ikiwa babu au bibi yako alipitia Shule ya Jeanes, au alitoa mchango wake Githunguri, tuandikie utueleze alikumbuka nini.