Mbolea ya kijani: mimea ifaayo bustani za mboga kando ya Ziwa Victoria

Mbolea ya kijani ni mimea inayokatwa ingali mbichi na kufukiwa udongoni ili ioze na kuurutubisha. Mimea hiyo hupandwa katika bustani yenyewe au hukusanywa kutoka kwingine. Katika viunga vya Kisumu, Seme, Nyakach na sehemu nyingine zinazopakana na Ghuba ya Winam, wakulima wengi hukuza sukuma wiki, nyanya na mboga za kienyeji katika vipande vidogo vya ardhi ambavyo havipumzishwi.

Haja ya mbolea hiyo ilidhihirika mwaka 2022, bei ya mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya DAP ilipopita shilingi 6,000. Serikali ya Kenya iliteremsha bei ya mbolea ya ruzuku hadi shilingi 3,500 mnamo Septemba mwaka huo, kisha hadi shilingi 2,500 mwaka 2023. Hata hivyo, mbolea ya kijani nayo ina gharama. Mkulima huilipia kwa jasho lake au kwa msimu mzima wa shamba lisilotoa mavuno. Ndiyo sababu yafaa kuchagua mmea kwa kuzingatia zao litakalofuata.

Alizeti pori

Mmea uliochunguzwa sana katika eneo hili ni tithonia, ambayo wengi huiita alizeti pori. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, lakini leo maua yake ya manjano huonekana kando ya barabara na katika nyua nyingi za magharibi mwa Kenya. Katika miaka ya 1990, watafiti wa shirika la kilimo-misitu la ICRAF, wakishirikiana na taasisi za Kenya za KARI (ambayo sasa ni KALRO) na KEFRI, waliufanyia majaribio katika eneo la Maseno na wilaya jirani.

Ilibainika kwamba majani yake yakikaushwa huwa na takriban asilimia 3.5 ya nitrojeni, asilimia 4 ya potasiamu na asilimia 0.37 ya fosforasi. Tena huoza upesi, hata mboga zikaanza kufaidika baada ya wiki chache.

Kipimo kilichotumika sana katika majaribio hayo ni tani 5 za majani makavu kwa hekta. Kwa tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 10, hiyo ni kilo 5 za majani makavu, au takriban kilo 25 hadi 30 za majani mabichi. Kiasi hicho hutoa karibu gramu 175 za nitrojeni.

Kukata, kubeba na kufukia mzigo huo ni kazi kubwa. Ndiyo maana ilionekana kwamba tithonia huwalipa zaidi wakulima wa sukuma wiki na mboga nyingine za sokoni kuliko wakulima wa mahindi, ambayo bei yake ni ya chini. Ikumbukwe pia kwamba tithonia si ya jamii ya mikunde, kwa hiyo haitengenezi nitrojeni kutoka hewani. Huhamisha tu rutuba kutoka uani hadi bustanini.

Mimea ya jamii ya mikunde

Mkulima awezaye kupumzisha tuta kwa miezi miwili au mitatu anaweza kupanda mitoo, mboga inayojulikana sana miongoni mwa Waluo. Nchini Tanzania aina moja ya mmea huo huitwa marejea, na watawa wa Kibenediktini wa Peramiho, mkoani Ruvuma, waliieneza kama mbolea ya kijani. Mitoo huingiza nitrojeni udongoni, na majani yake machanga huliwa, hivyo tuta halikai bila faida. Tena jamii hii ya mimea hupunguza nematodi, vijidudu vinavyosababisha uvimbe katika mizizi ya nyanya.

Sesbania huvumilia udongo unaotuama maji, hivyo yafaa mashamba ya udongo mzito mweusi wa nyanda za Kano. Lakini huhitaji miezi sita au zaidi, na huzidisha nematodi. Kwa hiyo isitangulie nyanya. Fiwi, ambayo Wakenya wengi huiita njahi, hufunika ardhi vizuri na kuzuia magugu.

Utupa pia hurutubisha udongo, lakini ni mmea uliotumiwa tangu zamani kuulia samaki. Usipandwe kando ya ziwa, mto au bwawa la samaki, wala majani yake yasitupwe majini. Nao huhifadhi nematodi kama sesbania.

Wakati wa kukata na kufukia

Mmea wa mbolea hukatwa unapoanza kutoa maua. Ukiachwa hadi ukomae, shina huwa gumu, na vijidudu vinavyouozesha hutwaa nitrojeni ya udongo. Hapo mboga huwa manjano badala ya kunawiri. Mbegu zikikomaa, mmea wenyewe unaweza kugeuka gugu. Mitoo ikipandwa mwanzoni mwa mvua za vuli, mwezi wa Oktoba, inaweza kukatwa mnamo Desemba au Januari, kabla ya masika kuanza mwezi wa Machi.

Majani na matawi laini hukatwakatwa na kufukiwa kina cha sentimita 10 hadi 15 katika udongo wenye unyevu. Mashina magumu hutengwa kwa ajili ya mboji au kuni. Miche hupandikizwa baada ya wiki moja hadi mbili, kwani majani yanayooza yanaweza kuunguza mizizi michanga.

Upungufu wa fosforasi

Udongo mwingi wa magharibi mwa Kenya una upungufu wa fosforasi, na mikunde haiwezi kuitoa hewani kama itoavyo nitrojeni. Zile kilo 5 za tithonia kavu hutoa takriban gramu 18 pekee, kiasi kinachopatikana katika gramu 90 hivi za DAP. Penye upungufu mkubwa, yafaa kuongeza samadi, kiasi kidogo cha mbolea ya dukani, au fosfati ya mawe ya Minjingu kutoka kaskazini mwa Tanzania, ambayo ilijaribiwa pamoja na tithonia katika eneo hili.

Kwa mkulima mwenye kipande kidogo, njia salama ni kuanza na tuta moja. Alipande mitoo wakati wa vuli au alifukie tithonia ya uani, kisha alilinganishe na tuta la jirani lisilotiwa kitu. Mavuno ya tuta hilo yatamwonyesha kama jasho lake limelipa, kabla hajaingiza shamba zima katika kazi hiyo.