Fahamu: Kumbukumbu za Mfumo Zihifadhiwe Wapi?

Kumbukumbu za mfumo ni maandishi yanayoandikwa na programu yenyewe: nani ameingia, saa ngapi na hitilafu gani imetokea. Mfanyabiashara wa Sirari wilayani Tarime, au wa Mugumu wilayani Serengeti, akidai kuwa ushuru alioulipa kwa mashine ya kielektroniki haukusajiliwa, kumbukumbu hizo ndizo ushahidi wa kwanza. Katika seva za Linux, kwa kawaida huwekwa kwenye folda ya /var/log. Msimamizi wa mfumo anashauriwa kupeleka nakala kwenye seva nyingine kwa itifaki ya syslog, ili atakayefuta za awali asipoteze ushahidi wote, na kuweka ukomo wa ukubwa wa faili, diski isije ikajaa na huduma ikasimama. Nywila zisiandikwe humo kamwe. Taarifa binafsi zinalindwa na Sheria Na. 11 ya mwaka 2022.