Fahamu sifa za chuma na malighafi nyingine za viwandani kabla ya kununua

Nondo mbili zilizolazwa pamoja dukani zinaweza kufanana kwa rangi, kwa mistari na hata kwa maandishi ya lebo, ilhali moja ina chuma pungufu kwa asilimia 16. Pengo hilo hutokea pale nondo inayouzwa kuwa ya milimita 12 inapokuwa na kipenyo halisi cha milimita 11. Macho hayaoni milimita moja, lakini nguzo inayobeba ghorofa huihisi.

Malighafi zinazotumika viwandani hugawanywa katika makundi makuu manne: metali, plastiki, kauri na malighafi mseto. Kila moja hupimwa kwa sifa zake. Nguvu ni uwezo wa kubeba mzigo bila kukatika. Ugumu ni uwezo wa kukataa kukwaruzwa au kubonyea. Ustahimilivu ni uwezo wa kupokea kishindo bila kupasuka, na unyumbukaji ni uwezo wa kuvutwa au kupindwa kabla ya kuvunjika. Sifa hizi haziendi pamoja. Kioo ni kigumu kiasi cha kuweza kukwaruza chuma laini, lakini kikianguka sakafuni huvunjika vipande. Kauli ya dukani kwamba kitu fulani ni "kigumu sana" kwa hiyo haitoshi kumwambia mnunuzi kama kinafaa kwa kazi aliyokusudia.

Katika metali zote, chuma ndicho kinachotumika kwa wingi zaidi, na tabia yake hutawaliwa na kiasi kidogo cha kaboni kilichomo ndani yake. Chuma chenye kaboni chini ya asilimia 0.25 ni laini, hupindika na huchomelewa kwa urahisi. Hicho ndicho kinachotoa misumari, mabomba, mabati na bodi za magari. Kaboni ikifika kati ya asilimia 0.6 na 1, hupatikana chuma cha springi, misumeno na patasi. Ikizidi asilimia 2, kinakuwa chuma cha kalibu, kinachomiminwa kwa urahisi na kubeba mgandamizo vizuri, lakini hakipendi nyundo. Bloku nyingi za injini na vifuniko vya mashimo ya majitaka hutengenezwa kwa chuma hicho. Mwenye mashine iliyopasuka anapaswa kujua kuwa chuma cha kalibu kikichomelewa kama chuma cha kawaida, bila kupashwa moto kwanza na kupozwa polepole, mara nyingi hupasuka tena kando ya mshono.

Moto nao hubadili chuma bila kuongeza wala kupunguza kitu ndani yake. Chuma chenye kaboni ya kutosha kikipashwa hadi kiwe chekundu na kutoswa kwenye maji, huwa kigumu lakini chepesi kuvunjika. Kikipashwa tena kwa moto wa kadiri, hurudishiwa ustahimilivu. Wahunzi wanaofua visu kutokana na springi chakavu za magari hufanya kazi hiyo kwa kutazama rangi ya chuma motoni. Ujuzi huo si mgeni nchini. Utafiti wa kiakiolojia uliochapishwa mwaka 1978 ulionesha kuwa wafua chuma wa Buhaya, katika Mkoa wa Kagera wa sasa, walikuwa wakizalisha chuma chenye kaboni katika tanuri zao zaidi ya miaka 1,500 iliyopita.

Kwa mwananchi anayejenga, jambo la kwanza ni uhusiano wa nondo na zege. Zege hubeba mgandamizo mkubwa, lakini uwezo wake wa kuhimili mvutano ni takribani sehemu moja ya kumi tu ya uwezo huo. Boriti inapolemewa, upande wake wa chini huvutwa, na hapo ndipo nondo hufanya kazi. Viwili hivi hupatana kwa sababu hutanuka karibu sawasawa kwenye joto. Kama vingetofautiana sana, jua la mchana lingeviachanisha. Nondo ina faida nyingine isiyotajwa sana: huanza kuvutika kabla ya kukatika, hivyo jengo lililosanifiwa vizuri huonesha nyufa na kulegea mapema, na watu hupata nafasi ya kutoka. Ndiyo sababu haishauriwi kupinda nondo, kuinyoosha na kuipinda tena mahali palepale, kwani unyumbukaji wake hupungua.

Uzito ni kipimo rahisi kinachoweza kufanywa na mnunuzi yeyote. Zidisha kipenyo cha nondo kwa milimita mara kipenyo hichohicho, kisha gawanya kwa 162. Jibu ni uzito wa meta moja kwa kilo. Kwa hesabu hiyo, nondo ya milimita 12 yenye urefu wa meta 12 inapaswa kuwa na takribani kilo 10.7, ya milimita 10 kilo 7.4 na ya milimita 16 kilo 19. Viwango huruhusu tofauti ya asilimia chache. Nondo ya "milimita 12" yenye kilo 9 imetoka nje ya ruhusa hiyo. Ikumbukwe kuwa mzani huthibitisha kiasi cha chuma tu. Nguvu yake hubainishwa maabara, kwa kuvuta kipande cha nondo kwenye mashine hadi kikatike.

Adui mkubwa wa chuma ni kutu. Ndani ya zege zuri, chuma hulindwa na saruji yenyewe. Ulinzi huo huvunjwa na chumvi, jambo linalopaswa kuzingatiwa zaidi Tanga, Dar es Salaam, Lindi, Mtwara na Visiwani. Mchanga wa baharini usiosafishwa huingiza chumvi moja kwa moja kwenye nondo. Kutu inayozaliwa huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, na zege hupasuliwa kutoka ndani.

Bati la kuezekea, licha ya jina lake, halina metali ya bati. Ni chuma chembamba kilichopakwa zinki, au mchanganyiko wa alumini na zinki. Zinki huliwa kwanza badala ya chuma, hata pale palipokwaruzwa kidogo, hivyo maisha ya paa hutegemea sana unene wa pako hilo. Wanunuzi wengi hutazama geji peke yake, na baadhi huisoma kinyume: namba ya geji ikiwa kubwa, bati ni jembamba zaidi. Bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 28.

Alumini ina uzito wa takribani theluthi moja ya chuma na huyeyuka kwenye nyuzi joto 660 za Selsiasi, wakati chuma tupu huhitaji nyuzi 1,538. Wepesi huo wa kuyeyuka ndio unaowezesha karakana ndogo kutengeneza sufuria kwa vyuma chakavu, na hapo tahadhari inahitajika. Tafiti katika nchi kadhaa zinazoendelea zimekuta risasi katika sufuria zilizomiminwa kutokana na chakavu mchanganyiko, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo.

Kwa plastiki, swali la msingi ni joto. Bomba la PVC linafaa kwa maji baridi, lakini hulainika kwenye nyuzi joto 80 hivi. Maji ya moto huhitaji bomba la aina nyingine, kama PPR. Kauri hustahimili joto na kuzuia umeme, na ndiyo maana hutumika kushikilia nyaya kwenye nguzo. Malighafi mseto, mfano nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ya plastiki, hutengeneza boti nyepesi zisizooza.

Nchini Tanzania, bidhaa za aina hizi husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililoanzishwa mwaka 1975 na ambalo sasa linafanya kazi chini ya Sheria ya Viwango Na. 2 ya mwaka 2009. Mnunuzi wa nondo au mabati anashauriwa kutafuta alama ya ubora ya shirika hilo kwenye bidhaa yenyewe, si kwenye bango la duka, na kutunza risiti inayotaja kipenyo au geji aliyolipia.