Dodoso la maoni kliniki: lina kazi gani, na wewe mama una haki gani?

Mtoto ameshapimwa uzito na kuchanjwa, nawe unataka kuwahi nyumbani. Mlangoni anakusogelea mtu mwenye karatasi au kishikwambi: "Samahani mama, tuna maswali machache kuhusu huduma uliyopata leo." Akina mama wengi hapo hujibu "nzuri, nzuri, nzuri" ili wamalize haraka. Wengine hukataa kwa kuogopa kwamba wakisema ukweli, mara ijayo watapokelewa vibaya.

Makala hii inaeleza kwa nini Serikali inauliza maswali hayo, majibu yako yanakwenda wapi, na unavyoweza kujibu bila hofu. Mifano mingi ni ya Tanzania.

Dodoso ni nini?

Dodoso ni orodha ya maswali ambayo watu wengi huulizwa kwa namna ile ile, ili majibu yao yaweze kuhesabiwa na kulinganishwa. Mama mmoja akisema alisubiri saa nne, hiyo ni habari yake. Akina mama sitini kati ya mia wakisema hivyo, kituo hakiwezi tena kusema ni bahati mbaya ya siku moja.

Utakutana nalo kwa njia kuu tatu:

- Maswali ya mlangoni. Unaulizwa ukitoka kupata huduma: umesubiri muda gani, umeelezwa jinsi ya kutumia dawa, umetoa pesa yoyote, umehudumiwa kwa heshima.
- Utafiti wa kaya. Wahojaji wanafika nyumbani. Mmojawapo ni Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria, unaoendeshwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar na wizara za afya. Wa mwaka 2022 ulihoji zaidi ya wanawake 15,000 wenye umri wa miaka 15 hadi 49.
- Maoni unayoyatoa mwenyewe. Hapa kuna sanduku la maoni, namba za simu zilizobandikwa ukutani, na mfumo wa Serikali wa e-Mrejesho, unaopatikana kwenye intaneti na pia kwa simu ya kawaida kwa kupiga *152*00#.

Majibu yanakwenda wapi?

Maoni ya kituoni humfikia mganga mfawidhi na timu yake, kisha Kamati ya Usimamizi wa Kituo. Kamati hii ina wawakilishi wa wananchi, na ndiyo inayopitia mpango na bajeti ya kituo. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, sehemu ya fedha za afya hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za zahanati na vituo vya afya. Kwa hiyo mambo kama pazia la chumba cha kujifungulia, tangi la maji au benchi la kusubiria yanaweza kuamuliwa hapo hapo, ikiwa kamati inajua kwamba yanahitajika.

Maoni ya wateja yaliingia pia kwenye tathmini ya nyota, iliyoanza mwaka 2015/16 kwa vituo vya afya ya msingi. Kituo kilipewa kuanzia nyota sifuri hadi tano. Pamoja na majengo, dawa na usafi, kiliangaliwa pia jinsi kinavyomjali mteja na kinavyowajibika kwa jamii yake.

Majibu ya utafiti wa kaya huenda ngazi ya taifa. Kutokana na tafiti hizo tunajua kwamba wanawake wanaojifungulia kituoni waliongezeka kutoka asilimia 63 mwaka 2015/16 hadi asilimia 81 mwaka 2022. Makadirio ya vifo vya uzazi pia yalishuka, kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Takwimu hiyo ya vifo ilitokana na maswali mazito: wanawake waliulizwa kuhusu ndugu zao waliozaliwa tumbo moja, nani yuko hai na nani amefariki, na kama dada alifariki akiwa mjamzito au baada ya kujifungua. Waliokubali kukumbuka na kusema ndio walioiwezesha nchi kujua ilipofikia.

Je, kuna kinachobadilika?

Ndiyo, lakini dodoso peke yake halibadilishi kitu. Mabadiliko huja pale majibu yanaporudishwa kwa wahudumu na kwa wananchi, wakakaa pamoja na kukubaliana la kufanya.

Mkoani Tanga, watafiti waliwauliza wanawake kama walitukanwa, kupigwa, kupuuzwa au kukosa faragha wakati wa kujifungua. Baada ya hapo wananchi na wahudumu waliandaa pamoja mkataba wa huduma kwa mteja, na hospitali ikaanza kufanya maboresho yake yenyewe, kama kuweka mapazia na kuendelea kuwauliza akina mama wanaporuhusiwa kurudi nyumbani. Ikilinganishwa na hospitali nyingine ambayo haikufanya hivyo, uwezekano wa mama kutendewa vibaya ulipungua kwa asilimia 66.

Nchini Uganda, mwaka 2004 na 2005, zahanati 50 za vijijini ziliingia katika jaribio la namna hii. Katika nusu yake, matokeo ya dodoso yalipelekwa kwenye mikutano ya wananchi na wahudumu. Baada ya mwaka mmoja, vifo vya watoto wadogo vilikuwa pungufu kwa karibu theluthi moja katika maeneo hayo. Utafiti mkubwa zaidi uliofanyika Uganda baadaye haukuona tena upungufu huo wa vifo, ila uliona wagonjwa wakihudumiwa vizuri zaidi na kuridhika zaidi. Kwa hiyo tusitarajie muujiza. Heshima na uangalizi mzuri, hata hivyo, ni faida ambayo mama anaiona mara moja.

Kwa nini ukweli wako ni muhimu

Katika utafiti huo huo wa Tanga, wanawake walipoulizwa wakiwa wanatoka kituoni, asilimia 19 walisema walitendewa vibaya. Baadhi yao walipotembelewa nyumbani wiki kadhaa baadaye, waliosema hivyo walifika asilimia 28. Kituoni mama anakuwa amechoka, ana furaha ya mtoto, na mkunga yuko hatua chache tu kutoka alipo. Nyumbani anapata nafasi ya kutafakari.

Ukijibu "nzuri" kwa jambo ambalo halikuwa zuri, karatasi itaonyesha kwamba hakuna tatizo, na hakuna atakayetengewa pesa wala muda wa kulirekebisha. Mama aliyedhalilishwa akanyamaza, ujauzito unaofuata anaweza kuamua kubaki nyumbani. Akitokwa na damu nyingi huko, dakika zinazopotea kutafuta usafiri zinaweza kugharimu uhai wake.

Sema pia yaliyo mazuri. Muuguzi aliyekueleza vizuri namna ya kumnyonyesha mtoto anastahili kujulikana, na kituo kinahitaji kujua kipi kiendelezwe.

Haki zako unapoulizwa

- Kushiriki ni hiari. Unaweza kukataa tangu mwanzo, kuruka swali, au kuacha katikati. Hulazimiki kutoa sababu.
- Ukikataa hupotezi huduma. Chanjo, dawa na kadi yako ya kliniki havihusiani na dodoso. Akikwambia mtu "jibu kwanza ndipo uhudumiwe", hilo ni kosa. Mwone mganga mfawidhi.
- Una haki ya faragha. Omba msogee pembeni, mbali na wahudumu, mume, mawifi au majirani.
- Taarifa zako zinalindwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Sheria ya Takwimu nayo inalinda siri za wanaohojiwa. Maswali mengi ya mlangoni hayahitaji hata jina lako.
- Vipimo vina ridhaa yake. Utafiti wa kaya unaweza kuambatana na kumpima mtoto uzito na urefu, na kuchukua tone la damu kuangalia upungufu wa damu au malaria. Unaweza kukubali maswali na kukataa kipimo. Ukikubali, uliza majibu ya mtoto wako na hatua ya kuchukua.

Kabla ya kuanza, muulize mhojaji: Umetoka ofisi gani, na kitambulisho chako kiko wapi? Itachukua dakika ngapi? Jina langu litaandikwa? Nani ataona majibu yangu? Matokeo tutayasikia wapi?

Mhojaji wa kweli hakuombi pesa, namba ya siri ya simu wala taarifa za benki. Akiomba, usiendelee, toa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa.

Jinsi ya kujibu ili usaidie

Taja jambo, siku na muda. "Huduma mbaya" haimwonyeshi mtu pa kuanzia. "Nilifika saa moja asubuhi, nikaonwa saa sita, na dirisha la dawa lilikuwa na mtu mmoja" inaonyesha tatizo liko wapi.

Jibu kuhusu ulichokutana nacho wewe, si ulichosimuliwa. Kama hukuelewa swali, omba lirudiwe. Kama wewe ni bibi, shangazi au dada uliyemleta mtoto, sema hivyo. Mlezi naye ni mteja na maoni yake yanahesabika. Kama hujui kusoma, omba usomewe swali na majibu yote ya kuchagua, kisha usomewe kilichoandikwa.

Mambo yasiyosubiri dodoso

Dodoso linahesabu matatizo ya wengi. Halitatui shida yako ya leo.

- Dalili za hatari: mjamzito au aliyejifungua anatokwa na damu nyingi, anaumwa sana kichwa, anaona ukungu au anapata degedege, mtoto anashindwa kunyonya, anapumua kwa shida au analegea. Nenda kituoni mara moja.
- Umetendewa vibaya au umetukanwa: onana na mganga mfawidhi, au mpigie kwa namba iliyobandikwa. Usiporidhika, nenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya.
- Umeombwa rushwa: piga TAKUKURU, namba 113, bila malipo.

Fuatilia matokeo

Baada ya kujibu, una haki ya kujua kilichofuata. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Hapo unaweza kusimama na kumuuliza mjumbe wa Kamati ya Usimamizi wa Kituo maswali matatu: wananchi walisema nini, kamati imeamua nini, na kitafanyika lini? Kama hupendi kusimama mbele za watu, mtume mhudumu wa afya ngazi ya jamii akuulizie, au nendeni akina mama wawili watatu pamoja. Nafasi za wananchi kwenye kamati zikitangazwa, fikiria kuomba. Kamati yenye mama anayebeba mtoto kwenda kliniki kila mwezi haihitaji kuelezwa kwamba choo cha wodi ya wazazi hakina maji.